Kwale na Dunia: Masomo ya Siasa na Uhusiano wa Kimataifa, na Kazi Zinazoyafuata

Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilifuta leseni ya uchimbaji madini katika kilima cha Mrima, msitu wenye kaya takatifu ya Wadigo huko Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale. Kampuni ya Cortec, iliyokadiria kwamba kilima kile kina niobiamu na madini adimu ya thamani ya dola bilioni 62.4, haikukubali. Iliushika mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Kenya na Uingereza ziliutia saini mwaka 1999, ikafungua shauri mbele ya ICSID, taasisi ya usuluhishi ya kundi la Benki ya Dunia yenye makao Washington, na kudai fidia ya dola bilioni 2 hivi. Oktoba 2018 jopo la wasuluhishi liliitupa kesi hiyo. Lilisema leseni ilipatikana bila tathmini ya athari kwa mazingira na bila idhini zinazohitajika mahali palipo msitu wa hifadhi na turathi ya taifa. Leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, basi hapakuwa na uwekezaji wowote wa kulindwa na mkataba.

Kesi hiyo inafaa kusomwa na kila kijana wa Matuga, Kinango, Msambweni au Lunga Lunga anayejaza fomu za chuo na kujiuliza kama shahada ya sayansi ya siasa au ya uhusiano wa kimataifa itampa riziki. Hatima ya mabilioni ya dola iliamuliwa na maswali ya ofisi za huku nyumbani: nani alitoa kibali, kwa sheria gani, na je, utaratibu ulifuatwa? Mtu anayejua namna kibali cha msitu kinavyotolewa Kwale, na anayejua pia namna mkataba wa nchi mbili unavyofanya kazi, ni mtu adimu. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba ajira ya fani hii kwa watu wa pwani ya kusini imelala katika kuunganisha maarifa hayo mawili. Anayeisoma akingoja kuteuliwa balozi atangoja sana. Anayeisoma ili ayamudu masuala ambayo dunia imekwisha kuyaleta Kwale ataona milango mingi kuliko anavyoambiwa.

Fani yenyewe inafundisha nini

Katika vyuo vikuu vya Kenya shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Upande wa sayansi ya siasa mwanafunzi hufundishwa nadharia za dola na mamlaka, siasa linganishi, katiba, utawala wa umma, vyama na uchaguzi, sera za umma, pamoja na mbinu za utafiti na takwimu. Upande wa uhusiano wa kimataifa kuna historia ya diplomasia, sheria ya kimataifa, mashirika kama Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, uchumi wa siasa wa dunia, usalama na utatuzi wa migogoro. Pande hizi mbili hukutana mahali pengi, na vyuo vingine huzifundisha chini ya idara moja.

Tofauti kati ya fani hii na uuguzi, uhandisi au sheria ni moja, na mzazi anastahili kuambiwa mapema. Muuguzi akihitimu na kusajiliwa, ana leseni inayomtambulisha kwa kazi yake. Mhitimu wa siasa hana leseni. Anachotoka nacho ni uwezo wa kusoma waraka mrefu na kutoa kiini chake, kupima hoja kwa ushahidi, kuandika ripoti inayoeleweka, na kuona maslahi ya kila upande katika mgogoro. Uwezo huo una thamani kubwa, lakini hauonekani kwenye cheti. Ni lazima uthibitishwe kwa kazi iliyofanywa. Ndiyo maana mahali mwanafunzi anapotoka, na anachokifanyia utafiti, vina uzito mkubwa katika fani hii.

Mpaka na bahari

Kwale ni kaunti ya mpakani, na mpaka wake una historia ndefu ya diplomasia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, upite Ziwa Jipe na kuuzunguka Kilimanjaro. Hakuna Mdigo aliyeulizwa. Jamii moja ikajikuta na ndugu Kwale na ndugu Tanga, huku misiba, harusi na mashamba yakiuvuka mstari uliochorwa Ulaya. Miaka 9 baadaye, mwaka 1895, Uingereza iliweka mkataba na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa maili 10 wa pwani, ambamo Diani, Msambweni na Vanga zimo. Ukanda huo uliingia Kenya rasmi kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, yaliyoahidi uhuru wa dini, kuendelea kwa mahakama za kadhi na kutambuliwa kwa hati za ardhi. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini suala la ardhi ya Pwani halijatulia, au kwa nini vuguvugu la MRC (Mombasa Republican Council), lililotaka Pwani ijitenge, lilipata wafuasi kabla na baada ya Mahakama Kuu ya Mombasa kuondoa marufuku dhidi yake mwaka 2012, hana budi kuanzia kwenye karatasi hizo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 2010. Leo Lunga Lunga na Horohoro zina kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maafisa wa nchi mbili huhudumia wasafiri chini ya utaratibu mmoja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwa zile zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wengi hawaujui utaratibu huo, na asiyeujua huwa windo la madalali na njia za panya. Pengo kati ya itifaki iliyotiwa saini na mama anayebeba vitunguu mpakani ni somo la utafiti, na ni kazi ya kulipwa kwa yeyote anayeweza kulipima na kulieleza.

Baharini mambo yana uzito zaidi. Kenya na Tanzania zilikubaliana mpaka wao wa baharini kwa barua zilizobadilishwa kati ya Desemba 1975 na Julai 1976, kwa kuwa kisiwa cha Pemba kiko karibu na mwambao wa Kwale. Kisiwa hicho kilitajwa tena katika shauri la Somalia dhidi ya Kenya. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021, ilikataa dai la Kenya kwamba mpaka na Somalia hufuata mstari wa latitudo, lakini ikausogeza mstari wa kati kidogo kwa faida ya Kenya. Ilizitazama pwani za Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, ikaona zimejipinda kwa namna inayoibana Kenya, na ikasema kuwepo kwa Pemba kunazidisha kubanwa huko. Kenya iliikataa hukumu hiyo. Kisiwa hicho hicho ndicho jirani wa wavuvi wa Shimoni, Wasini na Vanga, ambao mara kwa mara hujikuta mikononi mwa maafisa wa Tanzania kwa kuvuka mstari usioonekana majini.

Mvuvi aliyekamatwa anahitaji mtu wa kuzungumza na Tanga kabla jambo halijafika Dodoma na Nairobi. Vikundi vya usimamizi wa fuo, yaani BMU, vinahitaji ramani, mafunzo na mapatano ya ujirani. Nchi hizi mbili zimekuwa zikiandaa hifadhi ya pamoja ya bahari mpakani chini ya mwavuli wa Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 kuhusu mazingira ya Bahari ya Hindi Magharibi. Mipango ya aina hii huandikwa na watu wanaoijua sheria ya bahari. Huishi ikiwa wameandika pamoja na watu wanaoijua bahari yenyewe.

Uraia

Hakuna fundisho la siasa lenye uchungu kuliko la Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Pwani, wakazaa na kuzika Msambweni, huku watoto na wajukuu wakikua bila kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna mkopo wa elimu, hakuna kura. Oktoba 2016 kundi lao lilitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Mwaka uliofuata walianza kupewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Jamii ya Wapemba, iliyotapakaa katika fuo za Kwale na Kilifi, ilisubiri hadi mwaka 2023 Rais William Ruto alipoitambua.

Ushindi huo haukuletwa na matembezi pekee. Ulitayarishwa kwa miaka na mashirika ya haki za binadamu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, wanasheria, na viongozi wa jamii waliokusanya majina, shuhuda na vifungu vya sheria. Hapo nadharia ya dola na uraia ilikuwa suala la kula au kulala njaa. Mwanafunzi wa Kwale anayeandika tasnifu yake kuhusu hatua zilizobaki, kama vyeti vya kuzaliwa vya watoto na haki za ardhi za jamii hizi, anatengeneza ujuzi ambao mashirika huutafuta Afrika nzima.

Hoteli, mchanga na mikoko

Mei 2014 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliwashauri raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi isipokuwa kwa safari ya lazima. Diani haikutajwa katika eneo hilo, wala uwanja wa ndege wa Moi. Hata hivyo kampuni za utalii ziliwaondoa mamia ya watalii kwa ndege na kusitisha safari zao. Diani ikaumia kwa onyo lisiloitaja, na wapishi, wasafishaji vyumba, madereva na wauza vinyago wakakaa nyumbani. Uingereza ililegeza onyo hilo Juni 2015. Wangapi kati ya waliopoteza kazi waliwahi kuusoma ule waraka? Wangapi walijua unaandikwaje, hupitiwa lini, na ushahidi gani unaweza kuubadili? Mji unaoishi kwa wageni unahitaji watu wake wenyewe wanaojua majibu ya maswali hayo, na kaunti pamoja na wenye hoteli wanapaswa kuwaajiri.

Suala la usalama lililozaa onyo hilo lilikuwa na upande wake wa nyumbani. Kwale ilikumbukwa kwa machafuko ya Likoni na Kaya Bombo ya Agosti 1997, na baadaye kwa vijana walioingizwa katika makundi yenye silaha. Mwaka 2017 Kwale iliongoza kaunti nyingine katika kuzindua mpango wake wa kukabiliana na itikadi kali zenye vurugu, uliozileta pamoja serikali, viongozi wa dini na mashirika ya haki kama HURIA. Mpango kama huo huhitaji watafiti wanaoaminiwa na wazazi na maimamu, sifa ambayo mshauri wa kupita hawezi kuwa nayo.

Uchimbaji wa madini nao umeacha mafunzo. Base Titanium, kampuni tanzu ya Base Resources ya Australia, ilisafirisha shehena ya kwanza ya mchanga wenye titani mwaka 2014 kutoka machimbo yake ya Msambweni kupitia Likoni, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024, miezi michache baada ya Base Resources kununuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayoathiriwa. Mgawo huo ulibaki kwenye karatasi kwa miaka mingi huku wakazi wakiudai. Sasa mashimo yanafunikwa na ardhi inasubiri matumizi mapya, na macho ya mataifa makubwa yanayoshindania madini adimu yamerudi kwenye kilima cha Mrima. Mazungumzo yajayo yatahitaji watu wa Kwale wanaoweza kusoma mkataba wa uchimbaji kifungu kwa kifungu, na kuulinganisha na mikataba ya Ghana au Botswana kabla haujasainiwa.

Upo pia mfano wa matumaini. Huko Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hati za kaboni katika soko la hiari la kimataifa. Ni mradi wa jamii uliotangulia duniani katika biashara hiyo ya kaboni ya mikoko, na ulipata Tuzo ya Equator mwaka 2017. Vanga imefuata kwa mradi wake wa Blue Forest. Fedha za kaboni zimesaidia maji na shule. Masoko hayo hutegemea kanuni zinazojadiliwa katika mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, na kijana anayezielewa kanuni hizo kwa Kiswahili na Kidigo ana nafasi ya kuwa sauti ya kijiji chake katika biashara ambayo wanunuzi wake wako mbali.

Siasa ya karibu

Katiba ya 2010 ilileta ugatuzi, na ugatuzi ulileta ajira za fani hii hadi vijijini. Kwale, yenye wakazi 866,820 kwa hesabu ya watu ya 2019, ina maeneo bunge 4 na wadi 20. Kila wadi ina mwakilishi katika bunge la kaunti na msimamizi wake wa kiutawala. Bunge la kaunti linahitaji watafiti, makarani wa kamati na wachambuzi wa bajeti. Idara za kaunti zinahitaji maafisa wa mipango, wa ushirikishwaji wa umma na wa ufuatiliaji wa miradi. Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa mwanzoni kupata Hazina ya Usawazishaji, fedha za kuinua maeneo yaliyoachwa nyuma, na kila fedha ya namna hiyo huhitaji mtu wa kuifuatilia hadi kisima kichimbwe.

Kwa mwanafunzi, kaunti hii ni darasa lililo wazi. Uchaguzi mdogo wa Msambweni wa tarehe 15 Desemba 2020 ulifuatiliwa nchi nzima, pale Feisal Bader, mgombea huru aliyeungwa mkono na William Ruto, alipomshinda Omar Boga wa ODM katika ngome ya chama hicho. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Kwale, alitolewa katika ukumbi wa Bunge la Kitaifa kwa kuingia na mtoto wake mchanga, na mjadala juu ya mahali pa mama katika taasisi za umma ukavuka mipaka ya Kenya. Mwaka 2022 Fatuma Achani, mwanasheria aliyekuwa naibu wa Salim Mvurya, alichaguliwa gavana, mmoja wa wanawake 7 waliopata ugavana mwaka huo. Hayo yote ni mada za tasnifu, na mashahidi wake wanaishi umbali wa nauli ya matatu.

Milango ya kazi

Tuipange milango hiyo kwa uwazi, tukianza na ule unaotamaniwa zaidi.

Utumishi wa kibalozi upo, lakini ni mwembamba. Kenya ilipitisha Sheria ya Huduma za Kigeni mwaka 2021, na maafisa wapya huingia kwa ngazi ya chini ya katibu wa ubalozi na kupanda kwa miaka. Nafasi hutangazwa kwa nadra na waombaji ni wengi. Baadhi ya mabalozi huteuliwa kutoka siasa, na Kwale ina mfano: Chirau Ali Mwakwere wa Matuga alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 2004 hadi 2005, na baadaye balozi wa Kenya nchini Tanzania. Njia ya uteuzi haipangiwi ratiba na mwanafunzi. Njia ya mtumishi wa kazi inapangika, kwa kujiandaa na mitihani, lugha na shahada ya pili.

Utawala wa ndani ni mlango mpana zaidi. Wizara ya Mambo ya Ndani huajiri wahitimu kuwa wasaidizi wa kamishna wa kaunti. Idara ya uhamiaji, mamlaka ya ushuru, tume ya uchaguzi na sekretarieti za mabunge zote huchukua watu wa fani hii. Katika kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia ziende kwa wasio wa jamii yenye wengi mahali hapo. Kanuni hiyo huwapa watu wa Kwale haki ya kuomba kazi kaunti nyingine pia, haki ambayo wachache huitumia.

Jumuiya na mashirika ya kimataifa yako karibu kuliko inavyodhaniwa. Makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yako Arusha. Nairobi ina makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, na la makazi, UN-Habitat. Ushindani ni mkali, na wengi huanza kwa kujitolea, mikataba ya miezi michache au kazi ya utafsiri. Hapa mtu wa Pwani ana mtaji. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, anayeongeza Kifaransa kwenye Kiswahili na Kiingereza amejiongezea soko. Kiarabu cha madrasa kikiendelezwa hadi kusoma gazeti na mkataba kinafungua Ghuba, ambako maelfu ya Wakenya hufanya kazi za nyumbani na wanahitaji watetezi wanaojua mikataba ya kazi kati ya nchi. Na Diani, ambako vijana huokota Kijerumani na Kiitaliano ufuoni, lugha hizo zinaweza kukuzwa hadi kiwango cha kazi ya ofisini.

Mlango wa mwisho ni wa mashirika ya kiraia na sekta binafsi. Kampuni za madini, nishati, sukari na hoteli huhitaji maafisa wa uhusiano na jamii. Mashirika ya haki, vyombo vya habari na miradi ya kaboni huhitaji waandishi wa ripoti na wachambuzi. Kazi hizi mara nyingi ni za mkataba, na mshahara wake hupanda na kushuka na ufadhili. Anayezitegemea ajue hivyo na ajipange.

Njia ya masomo

Alama ya kuingilia shahada ni C+ katika mtihani wa KCSE, na nafasi hugawiwa kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali ya kuwapanga wanafunzi vyuoni. Chuo Kikuu cha Nairobi kina mafunzo ya diplomasia yaliyoanza mwaka 1973, pamoja na idara ya sayansi ya siasa na utawala wa umma. Maseno hufundisha uhusiano wa kimataifa na diplomasia, na USIU-Africa ina shahada ya uhusiano wa kimataifa kwa ada ya chuo binafsi. Ng'ambo ya mpaka kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kituo cha Uhusiano wa Kimataifa cha Dkt. Salim Ahmed Salim, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Mwenye jina hilo alizaliwa Zanzibar, akawa balozi nchini Misri akiwa na miaka 22, na akaongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Mwanafunzi wa Lunga Lunga anaifikia Dar es Salaam kwa barabara bila kupita Nairobi.

Gharama ndiyo inayowazuia wengi. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, unaogawa mzigo kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia, umepingwa mahakamani na kuwachanganya wazazi. Mpango wa kaunti wa kufadhili masomo, Elimu ni Sasa, umewavusha vijana wengi. Ningependa usimamizi wake uhesabu pia masomo ya jamii, hasa pale mwanafunzi anapojifunga kurudi kufanya utafiti kuhusu kaunti.

Asiyepata alama nzuri mara ya kwanza amkumbuke Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akapata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge wa 1949, na Makerere ikamkataa. Alifanya kazi katika chuo cha Waislamu cha Mombasa, kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, chenye tawi mjini Kwale. Alipata ufadhili wa serikali, akamaliza sekondari Uingereza, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, na akawa profesa wa sayansi ya siasa huko huko Makerere. Maandiko yake juu ya urithi wa Afrika, Uislamu na Magharibi yalichota kutoka Mombasa aliyokulia. Ukubwa wake ulitokana na kuifanya pwani yake kuwa mahali pa kuitazamia dunia.

Pingamizi na jibu lake

Wapo watakaosema Kwale inahitaji mafundi bomba, wauguzi na mabaharia kuliko wachambuzi wa siasa. Wana haki kwa idadi: kaunti inahitaji mafundi wengi zaidi, na kijana mwenye mkono wa ufundi asisukumwe chuo kikuu kwa heshima ya joho. Wapo pia watakaosema kazi hupatikana kwa kujuana. Upendeleo upo, na huumiza zaidi mtoto asiye na mjomba Nairobi. Lakini mtu mwenye maandishi yaliyochapishwa, ramani aliyoichora, takwimu alizozikusanya Shimoni au Kinango, ni mgumu kupuuzwa na mwajiri anayehitaji kazi ifanyike.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeichagua fani hii ni wa vitendo. Ongeza ujuzi wa pili unaopimika: takwimu, ramani za kompyuta, sheria, uhasibu wa umma au lugha ya tatu. Tumia likizo kujitolea katika bunge la kaunti, kituo cha mpakani, BMU au shirika la haki, na omba barua ya kila kazi uliyoifanya. Chagua mada ya tasnifu inayoihusu Kwale, kisha ifupishe kwa Kiswahili uipeleke kwa waliokupa habari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wajibu hauko kwa kijana peke yake. Kaunti ina uwezo wa kuanzisha dawati dogo la mambo ya mpaka na mikataba, lenye wahitimu wachache wanaofuatilia itifaki za Jumuiya, maonyo ya usafiri, mrabaha na kesi za wavuvi. Tawi la chuo lililopo Kwale linaweza kuandaa kozi fupi za sheria ya bahari na ya madini pamoja na vyuo vya Mombasa na Kilifi. Wenye hoteli wa Diani, ambao kumbi zao hukaribisha mikutano ya viongozi mwaka mzima, wanaweza kuwafungulia wanafunzi milango wakasikilize. Gharama ya hatua hizi ni ndogo kuliko hasara ya mkataba mmoja mbaya.

Mataifa yataendelea kuja Kwale kwa ajili ya madini yake, bahari yake, ufuo wake na hewa safi ya mikoko yake. Mikataba itaandikwa tu. Kizazi hiki cha wanafunzi kikiandaliwa vyema, upande wa Kwale utakuwa na watu wake wanaousoma mkataba kabla ya saini, wanaouliza maswali yanayostahili, na wanaolipwa kwa kazi hiyo kama wataalamu wanavyolipwa.